Jumamosi Nne, Kilima Kimoja

Mabibi na mabwana, wazee wangu, ndugu zangu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie safari, na najua wapo kati yenu waliokuja na kalamu wakitarajia kuandika majina ya nchi na milima. Nitayataja machache. Ila niseme mapema ninachokiamini, asije mtu akaondoka kabla sijakifikia: anayetaka kuyafaidi majira ya majani kupukutika asifunge safari moja ndefu. Afunge safari fupi, tena nyingi, na zote zimpeleke mahali pamoja.

Kwanza neno moja juu ya lugha. Kamusi hutuambia majira haya ni "vuli". Lakini sisi tuliokulia ndani ya Kiswahili tukisikia vuli tunasikia mvua. Miezi yenyewe inakaribiana, kwa sababu mvua za vuli hunyesha kuanzia Oktoba mpaka Desemba, ila picha inayokuja kichwani ni nyingine kabisa. Mimi nasema majira ya kupukutika, kwa kuwa kitenzi hicho kimelibeba jambo lenyewe. Jiwe huanguka. Mtu huanguka. Kinachopukutika huachia kidogo kidogo, kimoja leo, vitano kesho, mpaka siku unayoinua macho unakuta vimekwisha. Aliyelisikia neno hilo vizuri ameshaisikia nusu ya hotuba yangu.

Mwaka wa kwanza nilioishi katika nchi ya majira manne nilimpigia mama simu ya video, nikamwonyesha mti uliokuwa mbele ya dirisha langu. Ulikuwa mwekundu kuanzia kileleni hadi tawi la chini. Mama alitazama kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, mti huo nani kauchoma?" Nikamwambia hakuna aliyeuchoma, ni baridi inakuja. Akauliza, "Sasa baridi inachomaje?" Sikuwa na jibu. Nikamwahidi kwamba nitalitafuta, na huko kulitafuta ndiko kulikonitoa nyumbani Jumamosi baada ya Jumamosi.

Jibu nililompelekea ni hili. Mti hauungui, wala haufi. Unahamisha mali kabla ya kufunga nyumba. Jani ni la kijani kwa sababu ya umbijani, ile klorofili tuliyofundishwa shuleni, ambayo hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari. Umbijani huharibika kila siku kwa mwanga huohuo, na majira yote ya joto mti hukaa ukiutengeneza upya. Siku zikianza kufupika, mti huacha kuutengeneza. Huanza kuuvunjavunja na kurudisha naitrojeni na fosforasi kwenye matawi, shina na mizizi, maana hizo ni mali adimu na zitahitajika mwakani. Kijani kikiondoka, njano inajitokeza. Na njano hiyo haikuja leo. Ilikuwemo ndani ya jani tangu lilipochanua, imefunikwa tu. Ni karotenoidi, jamii ya zile zinazoipa karoti rangi yake.

Nyekundu ina habari nyingine. Hiyo huitwa anthosiyanini, na katika miti mingi haikuwemo kabla. Mti huitengeneza upya katika wiki za mwisho, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani. Hapo mama alinikatiza: "Yaani mti unaojiandaa kulala unaanza kazi mpya?" Ndiyo, mama. Na maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba rangi hiyo hufanya kazi kama mwavuli: hulikinga jani dhidi ya jua kali huku mti ukimalizia kuhamisha mali yake. Mwisho kabisa, pale kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi, hujengeka tabaka jembamba la chembe linaloziba mishipa taratibu. Upepo ukija, unachukua kitu ambacho mti umeshakiachia. Na upande wa tawi, kidonda kimeshaanza kuzibwa kabla jani halijatua chini.

Kengele ya haya yote hupigwa na mwanga. Wengi hudhani baridi inakuja kwa sababu dunia imekwenda mbali na jua, kumbe dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kaskazini wakiwa katikati ya theluji. Sababu ni kwamba mhimili wa dunia umeinama kwa takriban nyuzi 23.4, basi nusu mwaka upande mmoja unalielekea jua na nusu mwaka unalipa mgongo. Kwenye latitudo ya nyuzi 45 kaskazini, mwishoni mwa Septemba, mchana hupungua kwa takriban dakika 3 kila siku. Wiki tatu tu, saa nzima imekwenda. Miti inaisoma hesabu hiyo kuliko sisi. Tazameni mti uliosimama jirani na taa ya barabarani: mara nyingi matawi yaliyo karibu na taa hubaki na majani wiki kadhaa baada ya mengine kupukutika, kwa sababu taa imeyafanya yaone kwamba siku bado ni ndefu.

Hali ya hewa nayo ina lake. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kuganda huleta wekundu mzuri kuliko wote, kwa kuwa mchana sukari inatengenezwa na usiku inabaki ndani ya jani. Mawingu ya wiki nzima huleta rangi hafifu. Jalidi kali, yaani baridi inayogandisha umande, ikitangulia huliua jani kabla halijamaliza kazi, likawa kahawia na kujikunja. Na upepo, ndugu zangu, upepo haupangiwi.

Nalijua hilo kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili nililipia siku tatu katika bonde lenye sifa kubwa. Nilipanga miezi miwili kabla, nikaomba ruhusa kazini, nikasafiri siku nzima. Tulifika usiku. Asubuhi nilipofungua pazia nilikuta matawi matupu, kwa sababu dhoruba ilikuwa imepita siku mbili kabla yetu. Ukutani mwa chumba palitundikwa picha ya bonde lile likiwa limewaka rangi. Siku tatu nzima nilikuwa na picha ukutani na bonde lenyewe dirishani, na niliumia sana, si kwa fedha, bali kwa sababu nilikuwa nimeungoja mwaka mzima mlango uliofunguliwa na kufungwa nikiwa njiani.

Ndipo nilipobadilisha namna yangu. Mwaka uliofuata nilichagua kilima kimoja, mwendo wa saa moja na kidogo kwa treni. Hakimo katika kitabu chochote cha watalii. Chini kuna ziwa dogo lililozungukwa na mialoni, katikati kuna miti ya mepo, ile iitwayo maple kwa Kiingereza, juu kuna betula, ile miti yenye magome meupe. Kutoka ziwani hadi kileleni ni mita 400 za kupanda. Nikaapa kwenda Jumamosi nne, kuanzia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Novemba, mvua inyeshe isinyeshe.

Jumamosi ya kwanza hapakuwa na kitu, kwa macho ya mtu aliyefuata picha. Kila mahali kijani, ila kijani kilichochoka. Lakini kwa kuwa sikuwa na cha kukimbilia, nilianza kuona vidogo. Mti mmoja wa mepo ulikuwa na tawi moja jekundu, tawi moja tu, mengine yote bado. Kileleni majani ya betula yalikuwa yameanza njano pembeni. Na nyaya za kituo cha treni, ambazo Agosti zilijaa mbayuwayu, zilikuwa wazi. Mbayuwayu wa Ulaya huvuka Sahara, na wengi hufika hadi kusini mwa Afrika. Nilisimama pale nikawafikiria, kwamba wamekwenda kwenye jua nililoliacha mimi, na kwamba hakuna aliyewatangazia tarehe.

Jumamosi ya pili, katikati ya Oktoba, niliamka alfajiri, na hiyo ndiyo siku nitakayoisimulia hata nikizeeka. Usiku ulikuwa mtulivu, hauna wingu. Usiku wa namna hiyo ardhi hupoteza joto lake haraka, hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka na kutuama bondeni kama maji, na ukungu hujaa. Nilianza kupanda sioni hatua kumi mbele. Mialoni ilikuwa vivuli. Maji yalidondoka kutoka kila jani. Nilipofika kwenye miti ya mepo ukungu ulianza kupata rangi, kwanza ya maziwa, kisha ya asali, nami sikuelewa rangi inatoka wapi mpaka nilipopiga hatua chache zaidi na kutokeza juu ya ukungu kama mtu anayeibuka kutoka baharini. Jua lilikuwa limechomoza. Betula zote zilikuwa njano, njano isiyo na doa, zimesimama juu ya weupe uliotanda hadi upeo wa macho. Nilikaa kwenye jiwe hadi ukungu ulipokwisha. Sikupiga picha hata moja kwa muda ule.

Hapo ndipo nilipoelewa kimo kinafanya nini. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi. Kwa hiyo rangi huanza juu na kuteremka. Mita 400 zinatosha kuyaona majuma mawili kwa asubuhi moja: ziwani ilikuwa bado Septemba, kileleni ilikuwa Oktoba iliyoiva. Yaliyotokea kwenye kilima changu hutokea kwenye nchi nzima. Japani, rangi huanza katikati ya Septemba kwenye milima ya Daisetsuzan kisiwani Hokkaido, kisha huteremka kusini na mabondeni hadi kufika Kyoto mwishoni mwa Novemba. Miezi miwili na zaidi, mawimbi yaleyale yanasafiri. Kaskazini mwa Vermont na New Hampshire, nchini Marekani, kilele huwa mapema Oktoba, na kwenye pwani ya kusini ya New England, eneo lenye majimbo hayo mawili, huchelewa wiki mbili tatu. Basi mtu akiniambia, "Nimechelewa, majani yameisha," humwuliza: umeteremka? Umekwenda kusini? Aliyewahi mno naye apande. Hii ndiyo faida ya safari fupi: unaweza kuahirisha hadi Alhamisi usiku, ukasikiliza utabiri, ukaamua. Aliyelipia miezi miwili kabla hana uhuru huo. Siku hizi, kwa kuwa joto limeongezeka, sehemu nyingi rangi huchelewa kuliko zamani, kwa hiyo tarehe za kwenye vitabu vya zamani msizifuate kama sheria.

Niwape na mengine machache ya kutazama, halafu nirudi kilimani. Wapo walio upande wa kusini wa ikweta: kwao majira haya ni Machi hadi Mei. Tasmania, kisiwa cha Australia, kuna mti mfupi uitwao fagasi, ambao hugeuka dhahabu na kutu mwishoni mwa Aprili kwenye miteremko ya Mount Field na Cradle Mountain. Patagonia, kusini kabisa mwa Amerika Kusini, mwezi wa Aprili miti iitwayo lenga huwasha milima kwa wekundu. Mkiona msonobari uliogeuka njano, msidhani unakufa, huenda ni lachi, mti wa jamii hiyo ambao kila mwaka humwaga sindano zake zote, na mabonde ya juu ya Uswisi huwa dhahabu kwa ajili yake mwezi wa Oktoba. Na mkiona mteremko wa miti ya aspeni, angalieni viraka: kiraka hiki njano, kile bado kijani, mpaka kati yao umekatwa kama kwa kisu. Kila kiraka mara nyingi ni mti mmoja uliotoa mashina mengi kutoka kwenye mzizi mmoja. Utah, nchini Marekani, kuna mmoja wa namna hiyo, uitwao Pando, wenye mashina zaidi ya 40,000 katika hektari 43 hivi. Unageuka pamoja kwa sababu ni mmoja.

Jumamosi ya tatu mvua ilinyesha. Nilikaa kitandani nikijiuliza kama kiapo kinahesabu mvua. Nikaenda. Na nawaambia, kama mna Jumamosi moja tu, msiikimbie ya mvua. Jani kavu lina mng'ao juu yake unaoficha rangi. Mawingu huondoa vivuli vikali, na maji yakilitanda jani sawasawa, rangi inazama, inakuwa nzito. Mepo zilikuwa nyekundu ya damu, shina zake nyeusi kwa kulowa. Njia ilikuwa imefunikwa majani hadi kifundo cha mguu, na hapo ni pa kuwa mwangalifu, kwa maana chini ya majani kuna mizizi na mawe yanayoteleza, nami niliona watu wawili wakianguka. Vaeni kiatu chenye meno.

Nikampigia mama kutoka pale chini ya mti. Picha haikupita vizuri, mtandao ulikuwa dhaifu. Akasema, "Basi usinionyeshe. Nisikilizishe." Nikaishika simu juu, nikanyamaza. Tulikaa hivyo pengine dakika tano. Kumbe majani yanayopukutika kwenye mvua yana sauti. Si sauti ya mvua. Ni mguso laini, hapa, kisha pale, kisha kimya, kisha matatu kwa pamoja, kama mtu anayepanga karatasi taratibu kwenye chumba cha pili. Miaka yote niliyoyaangalia majani, sikuwahi kuyasikiliza. Mama ndiye aliyenifundisha, naye hajawahi kufika.

Jumamosi ya nne ilikuwa katikati ya Novemba. Hapa nitoe onyo moja la kweli. Mwishoni mwa Oktoba sehemu kubwa ya Ulaya hurudisha saa nyuma kwa saa moja, na sehemu kubwa ya Marekani na Kanada hufanya hivyo Jumapili ya kwanza ya Novemba, basi giza huingia mapema zaidi. Siku ile ya Septemba nilishuka saa kumi na mbili jioni nikiona njia vizuri. Novemba, saa kumi na nusu jua lilikuwa limezama, nami nilikuwa bado juu. Nilishuka kwa tochi. Bila tochi nisingeshuka. Chukueni tochi, chukueni nguo za kuvaa moja juu ya nyingine, na mpange kugeuka mapema kuliko mioyo yenu inavyotaka.

Lakini ile siku! Betula zilikuwa tupu. Mepo tupu. Mialoni tu, chini ziwani, ilishikilia majani yake ya kahawia, kwa sababu tanini ndiyo rangi ya mwisho kubaki na mialoni mingi huchelewa kuachia. Na nikitembea katikati ya utupu ule niliona vitu ambavyo Jumamosi tatu zilizopita vilikuwepo mbele yangu visionekane. Kiota kikubwa kwenye panda ya mti niliokuwa nimepumzikia mara mbili. Kuta za nyumba ya zamani iliyobomoka, hatua ishirini kutoka njiani. Na ziwa: kutoka katikati ya kilima, ambapo siku zote nilikuwa naona majani tu, sasa ziwa lote lilikuwa wazi, na ng'ambo yake mji, na nyuma ya mji milima ambayo sikujua kwamba ipo. Kama ningekwenda mara moja, siku ya ukungu, ningerudi na uzuri mkubwa, na nisingejua kilima kile kina umbo gani.

Kuna atakayesema hana kilima wala treni. Chukua mti mmoja. Wa bustani ya umma, wa njia unayopita kwenda kazini. Ukibahatika uwe ginko, maana ginko ina tabia ya peke yake: hungoja, hungoja, kisha baada ya usiku wa kwanza wa jalidi kali huweza kuachia karibu majani yote kwa asubuhi moja, na ukipita jioni unakuta duara la njano chini ya matawi matupu. Pita hapo kila wiki, simama mahali palepale, upande uleule. Ukiwa na kamera, jua liwe nyuma ya jani, si nyuma yako, na jani litawaka lenyewe. Ukiwa na mtoto, mwachie yeye achague la kubeba. Atachagua lenye tundu.

Sasa nimalizie kwa kitu nilichokuja nacho mfukoni. Hiki ni kijitawi cha mepo, nimekiokota chini ya mti asubuhi ya leo. Kipitisheni, kuanzia safu ya mbele. Tazameni mahali jani liliponyofoka: kuna kovu dogo lenye umbo la mwezi mchanga, na ndani yake vidoa vitatu. Hiyo ndiyo mishipa iliyopitisha maji majira yote ya joto, sasa imezibwa. Kisha tazameni juu kidogo ya kovu. Kuna kichipukizi, kigumu, chenye ncha, kimevaa magamba. Hicho hakikuota baada ya jani kuanguka. Kiliumbwa katika majira ya joto, pembeni ya kikonyo, jani likiwa bado kijani. Kiguseni kwa ncha ya kidole. Taratibu tu, ni cha mwakani.